Nimebandika kanuni ukutani na kituo hakibadiliki: jibu kwa inspekta mmoja

Swali: "Mimi ni inspekta, naibu wa OCS, yaani mkuu wa kituo, kwenye kituo kimoja cha polisi hapa Kenya, huu ni mwaka wa pili. Nilisoma usimamizi kabla ya kuingia kazi na bado naendelea na masomo ya jioni. Nilipofika hapa nilitaka tufanye kazi vizuri, nikabandika kanuni za kazi ukutani, nikaleta mwalimu akafundisha nusu siku kuhusu haki za raia, nikaomba maafisa wawili wahamishwe. Hakuna kilichobadilika, saa zingine naona kumeharibika zaidi manake nikiingia kwa meza ya OB (kile kitabu cha kuandika matukio) maongezi yanakatika. Kuna konstebo mmoja msichana aliniambia raia wanatozwa pesa ya P3 (ile fomu ya daktari ya mtu aliyeumizwa), sijui habari ilitoka vipi, sasa hakuna mtu anataka kwenda doria na yeye. Darasani tulisoma utafiti wa Janet Chan wa kule Australia na nilichoelewa mimi ni kwamba utamaduni wa polisi haubadiliki hata ufanye nini. Ni kweli? Tatizo ni hawa watu, ni mimi, ama ni mfumo? Mke wangu anasema siku hizi hata mimi naongea kama wao."

Afande, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa hiyo sentensi ya mwisho ya mke wako, manake wengi wenye cheo chako wangeifuta kabla ya kutuma. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma na kufundisha jinsi polisi wanavyoendeshwa kama shirika, nimekaa vituoni usiku na mchana na daftari langu, na swali kama lako nimelisikia kwa maafisa wengi wa cheo cha kati, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake yamemkuta. Ntakujibu kwa urefu.

Nikikuelewa vizuri, umefanya yale yote darasa lilikufundisha, na kituo kimekujibu kwa kunyamaza. Sasa unajiuliza kama watu wako ni wabaya, ama wewe hujui kuongoza, ama wasomi walishasema zamani kwamba hakuna dawa. Tuanze na hao wasomi, kwa sababu hapo umeelewa visivyo kidogo na ukibaki na hiyo picha utakata tamaa bure.

Janet Chan hakusema utamaduni wa polisi haubadiliki. Alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, kitabu chake kikatoka 1997, na jimbo alilolichunguza lilikuwa limejaribu kweli kweli. Mwaka 1984 John Avery alifanywa kamishna wa polisi wa New South Wales, na mabadiliko yake hayakuwa ya mdomo tu. Uajiri ukafunguliwa kwa watu wa jamii za wachache, mafunzo ya makurutu yakaandikwa upya, watu wakaanza kupandishwa vyeo kwa uwezo badala ya kungoja zamu yao ya miaka, na polisi jamii ikawa ndio wimbo wa kila siku. Ukiangalia kwa karatasi utasema hiyo kazi imekwisha. Alafu 1992 televisheni ya taifa ikaonyesha kipindi kilichowarekodi polisi wa Redfern wakiwa kazini, mtaa wa Sydney ambao wenyeji wa asili walikuwa wengi, na maafisa wanasikika wakiwatukana hao wenyeji kamera ikiwa mbele yao kabisa. Hawakunong'ona wala hawakuzima chochote. Hicho ndicho kilichowashtua watu, kwamba kwao hayo yalikuwa maneno ya kawaida ya siku ya kazi. Miaka 2 baadaye ikaundwa tume ya Jaji James Wood, na ilipomaliza kazi 1997 ilikuwa imeonyesha kwamba rushwa imeota mizizi, hasa kwa wapelelezi.

Kwa hivyo swali la Chan lilikuwa kama lako wewe: imekuwaje juhudi yote hii na matunda ni haya? Jibu lake alilijengea kwa mawazo ya Mfaransa mmoja, Pierre Bourdieu, na mimi nikilifundisha natumia mpira. Kuna mazoea ya mchezaji, yaani yale mwili wake unajua kabla kichwa hakijafikiria, kwa polisi ni kama vile afisa anavyoangalia mikono ya mtu kabla hajaangalia uso. Na kuna uwanja wenyewe: sheria inampa afisa nguvu kiasi gani, nani mtaani ana sauti ya kulalamika akasikika na nani hana, wanasiasa wanataka nini mwezi huu, bosi anahesabu nini asubuhi. Chan akaona kwamba Avery aligusa mengi lakini uwanja wa barabarani ulibaki karibu vile vile, yule mwenyeji wa Redfern hakupata nguvu yoyote mpya juu ya afisa aliyemsimamisha. Ukibadilisha mafunzo bila kugusa uwanja, au ukabadilisha sheria bila kugusa mazoea, watu watacheza mchezo wa zamani na jezi mpya. Lakini (na hapa ndipo wanafunzi wengi wanaruka) katikati ya uwanja na mazoea Chan aliweka mtu, mtu anayefikiria na kuchagua, sio boksi linalomiminiwa utamaduni. Kama kuna mtu anachagua basi kuna mlango.

Jezi mpya sisi Wakenya tunazijua. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. 2009 jopo la Jaji Ransley likaleta mapendekezo zaidi ya 200. Katiba ya 2010 ikatuletea Huduma ya Taifa ya Polisi, 2011 zikapita sheria za huduma hiyo na za IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, Disemba 2013 msasa wa maafisa, yaani kuwachuja mmoja mmoja, ukaanza, 2018 ikaja yunifomu ya buluu na polisi wa kawaida wakaunganishwa na wale wa utawala, 2022 likaundwa jopo lingine chini ya Jaji Mkuu mstaafu Maraga. Mimi siyadharau hayo hata kidogo, mtu wa umri wa babangu hangeamini kwamba siku moja raia atapeleka malalamiko yake dhidi ya polisi kwa ofisi ambayo haiko chini ya polisi. Ila mengi ya hayo yanafika mpaka kwa lango la kituo, na kazi yenyewe inafanyika ndani, mezani.

Ngoja nikupeleke mezani basi. Kuna usiku mmoja sijausahau, nilikuwa kwa utafiti, nimeruhusiwa kukaa kwa benchi nyuma ya meza ya OB, kituo chenyewe sitakitaja. Saa nne hivi akaingia mama ameshika leso mdomoni, mdomo umevimba. Aliyekuwa mezani ni konstebo kijana, hata mwaka hajamaliza tangu atoke chuo cha polisi cha Kiganjo. Akasimama, akampa kiti, akafungua kitabu, akaandika saa na nambari, yaani vile alivyofundishwa hasa. Kutoka chumba cha nyuma sajini, hata hakuinuka, akasema, "Hiyo ni ya nyumbani. Mwambie aje kesho na mzee wa mtaa." Hakukuwa na kelele wala hasira, ilikuwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Ile kalamu ikainuka kutoka kwa karatasi, ikakaa hewani labda sekunde tatu, alafu kijana akaiweka chini. Yule mama alikuwa anaiangalia hiyo kalamu, sio uso wa konstebo. Akafunga leso yake akatoka.

Baadaye nilimuuliza yule kijana kwa nini. Hakuniambia wanawake ni waongo, wala hakuniambia anamwogopa sajini. Aliniambia gari ni moja na mafuta yameisha tangu mchana, akiiandika hiyo kwa OB tayari ni kesi yake, asubuhi mkubwa atauliza imefika wapi, mume hajakamatwa, itaonekana yeye ndiye hajui kazi. Na sajini ndiye anapanga zamu, akamalizia hivyo.

Hiyo habari nimeirudia darasani mara nyingi mno. Chan anasema maarifa ya polisi yana sehemu nne na zote zilikuwa pale. Kuna kamusi, yaani jinsi ya kumpanga mtu akiingia: "ya nyumbani", neno moja tu, na mama aliyepigwa tayari ametoka kwa orodha ya uhalifu. Kuna ramani ya njia, kwamba za aina hii zinapelekwa kwa mzee wa mtaa. Kuna mapishi, nini ufanye na nini usifanye ili usiungue, usijifungulie kesi ambayo huwezi kuifunga. Na chini kabisa kuna mzizi, imani kuhusu kazi yenyewe ni nini: polisi wa kweli anakamata majambazi, haya ya mke na mume ni usumbufu. Sajini alitumia maneno machache akafundisha somo ambalo chuo kingehitaji miezi kulifuta na hakitapata nafasi, kwa sababu chuo hakikuwepo saa nne usiku.

Sasa rudi kwa swali lako, je, ni hawa watu? Najua tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na ndio maana ukaomba wale wawili wahamishwe. Nakuuliza kwa heshima, walipoondoka, pesa ya P3 ilikoma? Kwa maelezo yako haikukoma. Yule kijana niliyemwona hakuwa ameoza, alikuwa mtu mwenye akili amefanya hesabu sahihi kwa mambo aliyopewa. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, na makurutu wanafumba mapema sana. Chan alirudi baadaye akafuata makurutu 150 kwa miaka 2 ya kwanza, kitabu kikatoka 2003, na aliona heshima yao kwa shirika inapungua jinsi wanavyoonja kazi, lakini aliona pia kwamba hawakutoka wote sufuria moja, wengine walibaki wanauliza maswali. Huyo konstebo wako ni mmoja wa hao wengine. Jerome Skolnick, Mmarekani, alishaandika 1966 kwamba polisi anaishi na hatari, anabeba mamlaka, na juu yake kuna shinikizo la kuonyesha matokeo, na vitu hivi vitatu vikikaa pamoja vinamfanya mtu awashuku walio nje na awashikilie walio ndani. Mwenzako ndiye atakuja ukipigwa risasi. Ukishaelewa hilo utaacha kushangaa kwa nini mtu mzuri ananyamaza mwenzake akila rushwa.

Na sasa ile ya maongezi kukatika, hii naomba uisome polepole. Elizabeth Reuss-Ianni alikaa na polisi wa New York miaka ya 1970 ikielekea mwisho, wakati jiji lilikuwa limekaribia kufilisika na 1975 maelfu ya polisi walikuwa wameachishwa kazi siku moja, na kitabu chake cha 1983 kilisema utamaduni wa polisi sio mmoja, ni miwili. Kuna polisi wa barabarani na kuna polisi wa ofisini, na hawaaminiani. Wa barabarani wana sheria zao ambazo hazijaandikwa popote: mwangalie mwenzako kwanza, usimuuze mwenzako, mgeni usimwamini mpaka umjue, na wakubwa wakija na jambo jipya jiulize wanajikinga na nini. Wa ofisini nao wanaongea lugha ya malengo, ripoti na bajeti. Wewe una shahada, una nyota, umekuja na karatasi. Kwa macho yao wewe ni wa ofisini, na zile kanuni ulizobandika wanazisoma hivi: amejiwekea ushahidi, siku kukiharibika aonyeshe IPOA kwamba yeye alituonya. Najua sio nia yako. Lakini ukikaa upande wao wa meza ungeisoma hivyo hivyo, kwa sababu mara ngapi wameona kanuni ikitolewa kwa faili siku ya kutafuta wa kulaumiwa, na haikuwahi kutolewa siku ya kumtetea mtu?

Jambo moja la kukutuliza kidogo. Usihesabu kila neno chafu la kantini kama ushahidi kwamba kituo kimekufa. Mwingereza P.A.J. Waddington aliandika 1999 kwamba yale polisi wanasema wakiwa wenyewe na yale wanafanya barabarani mara nyingi ni vitu viwili tofauti, yale maongezi ni njia ya kujipa moyo kwa kazi nzito. Mimi namkubali nusu. Nusu nyingine ni Redfern, pale neno lilipotoka kantini likampiga usoni yule aliyekuwa anasemwa. Kwa hivyo pima kituo chako kwa kalamu, nani ameandikwa na nani ameambiwa arudi kesho, kuliko kwa vichekesho vya jikoni.

Haya, ufanye nini. Kanuni zinahitajika, bila hizo huna pa kusimama siku ya kumwadhibu mtu, ila peke yake zinafundisha watu kulinda mgongo tu. Mafunzo ya nusu siku hayana madhara, lakini hayawezi kumshinda sajini ambaye anafundisha kila usiku. Uhamisho mimi siupendi, nakwambia wazi, kwa sababu kwetu uhamisho ni adhabu na kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo unapeleka tatizo kwa kituo cha mwenzako na wanaobaki wanajifunza kuficha vizuri zaidi.

Kilicho mkononi mwako ni vitu ambavyo darasa la usimamizi huviona vidogo. La kwanza ni swali unalouliza asubuhi kwenye gwaride. Kama swali lako la kwanza ni kesi ngapi zimefungwa, umeshawaambia wasifungue. Jaribu wiki mbili kuuliza jana usiku nani alikuja na hatukuweza kumsaidia, na tulikosa nini. Alafu ukijibiwa tulikosa gari, usimgombeze aliyejibu, liandike, lipeleke juu kwa jina lako wewe, na urudi uwaambie ulijibiwa nini hata kama ulijibiwa hapana. Ukifanya hivyo mara tatu nne, mtu anaweza kuandika kwenye OB kwamba mama amekuja na gari halikuwepo na asilale na hofu. Hapo umebadilisha hesabu ya yule kijana, na hukumhubiria hata neno moja.

La pili ni sajini, au yeyote anayepanga zamu. Huyo ndiye mwalimu mkuu wa kituo chako. Wengi wanaoleta mabadiliko wanamruka wanaenda moja kwa moja kwa konstebo, wakidhani yule mzee ameshaharibika. Kaa naye, na sio ofisini kwako, nenda kwake, umuulize anavyoona yeye. Ana miaka ishirini ya kujua mtaa gani mume akiitwa saa hiyo ataua mtu na mtaa gani mzee wa mtaa kweli anasaidia, na hayo wewe huyajui. Kuna maarifa mazuri ndani ya ule utamaduni, ukiyatupa pamoja na yale mabaya hatakusamehe. Ukimpa kazi ya kufundisha wapya kwa cheo na heshima, na mkakubaliana kitu kimoja tu cha kuanzia, mfano mtu yeyote mwenye jeraha anaandikwa, hakuna mjadala, umepata zaidi ya semina kumi. Kama atakataa kabisa, hapo sasa utumie kanuni na mamlaka yako, lakini umemjaribu kwanza.

La tatu ni haki ya ndani, yaani zamu, likizo, na nyumba. 2011 Scott Wolfe na Alex Piquero walichapisha utafiti wa maafisa 483 wa doria Philadelphia, wakaona wale wanaohisi wakubwa wao wanawatendea haki walikuwa na makosa machache na hawaungi mkono sana ile desturi ya kufichiana. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kimoja kimezaa kingine, nakuambia usije ukaunukuu zaidi ya uwezo wake. Lakini kwa nilichoona mwenyewe naamini. Afisa ambaye familia yake na ya mwenzake wanaishi nyumba moja wametenganishwa na pazia, ameomba likizo mama yake akiugua akanyimwa bila sababu, alafu wewe unamwambia amheshimu raia... heshima hiyo ataitoa wapi? Bandika ratiba ya zamu hadharani, weka sababu ya kila likizo iliyokataliwa, na zile zamu ambazo watu wanazigombania (unazijua, zile za barabarani) zizunguke kwa zamu ya kweli.

Na zile kanuni ukutani, mimi ningezigeuza. Umezibandika zikiwaangalia polisi. Andika moja tu, "Fomu ya P3 ni bure", herufi kubwa, uiweke nje kwa ukuta wa lango ikimwangalia raia, na nambari ya kupigia malalamiko chini yake. Hapo umegusa uwanja kwa maana ile ya Chan, kwa sababu sasa mama aliyeshika leso anaingia akijua kitu ambacho jana hakukijua, na konstebo anajua kwamba anajua.

Lakini lazima niseme ukweli na upande wa pili. Kuna vitu hutavifikia kutoka kwa kiti chako, mishahara, siasa, nani anakuwa OCS. Na kama hiyo pesa ya P3 au ya barabarani inapanda juu, kuna mkubwa anaingoja jioni, basi ukigusa zamu umegusa mfuko wa mtu na jambo hili sio la usimamizi tena, ni la usalama wako. Hapo usiendelee peke yako kwa ujasiri. Andika tarehe na ulichokiona, uweke nakala nje ya kituo na nje ya nyumba yako, na uende mwenyewe kwa miguu yako IPOA au kitengo cha masuala ya ndani cha polisi, ukiwa umeongea na wakili kwanza. Usilitume kwa simu ya kazi.

Huyu konstebo ndiye ananisumbua zaidi kwa barua yako. Alikuamini na habari ikatoka, na pengine ilitoka kwako bila wewe kujua, labda uliuliza swali kwa namna ambayo kila mtu akajua chanzo ni nani. Mwite, umwambie hivyo, umwombe radhi. Usimsifu mbele ya wenzake, hiyo itammaliza. Usimhamishe kwa haraka kumlinda kabla hujamuuliza anataka nini, kwa sababu wenzake watasoma kwamba msema kweli ndiye aliyeondoka. Wiki hii toka doria naye wewe mwenyewe, usiku, na wiki inayofuata mwombe sajini au koplo anayeheshimika atoke naye. Watu wakiona mzee amekaa naye gari moja, ukuta unaanza kupata ufa. Ila muulize swali moja na usikilize jibu vizuri: akiita kwa redio, msaada unakuja? Akisema haukuja hata mara moja, hilo halingoji utamaduni ubadilike, siku hiyo hiyo nenda ana kwa ana kwa kamanda wako au kitengo cha masuala ya ndani na asitoke tena peke yake mpaka litatuliwe.

Na wewe. Mke wako ameona mazoea yakiingia mwilini, ni kitu cha kawaida sana na haimaanishi umekuwa mtu mbaya, ila ni yeye anaiona kwa sababu yuko nje ya uwanja. Mwombe akwambie ni maneno gani hasa. Tafuta pia inspekta mmoja au wawili wa vituo vingine wenye shida kama yako, mkutane mbali na kazi, muongee. Kama hulali, kama chupa imeanza kuwa ya kila jioni, kama unapiga kelele kwa watoto kwa vitu vidogo, ongea na kasisi wa polisi au mshauri nasaha, uende ukae naye uso kwa uso, hilo barua yangu haiwezi kulifanya. Na mawazo ya kujidhuru yakija hata mara moja, rudisha bunduki kwa ghala la silaha siku hiyo, mwambie mke wako, na uende hospitali. Maafisa wazuri tumewazika kwa sababu waliona aibu kusema.

Baada ya miezi mitatu niandikie tena. Usiniambie watu wako wanasemaje, fungua OB uhesabu kesi za "nyumbani" zilizoandikwa, ulinganishe na miezi mitatu ya nyuma. Zikiongezeka mkubwa wako anaweza kukuita akakuuliza mbona uhalifu umepanda kwa kituo chako. Jiandae kumweleza kwamba wale akina mama walikuwa wanakuja hata zamani.